Mkono Juu ya Mkono: Historia ya Rangi na Vanishi za Mabehewa, Makubwa na ya Mfano

Reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, behewa lake la daraja la kwanza halikuwa bado na umbo lake lenyewe, bali lilikuwa miili mitatu ya magari ya farasi iliyopangwa juu ya fremu moja, kila mwili ukiwa na mlango wake, madirisha yake na mbavu zake zilizopinda. Walioyaunda mabehewa hayo walikuwa mafundi wa magari ya farasi, na pamoja na mbao na zana zao walileta katika karakana za reli utaratibu wa kupiga rangi ambao ulikuwa umekomaa tayari katika magari ya matajiri na ya posta. Utaratibu huo ulitawala reli za Uingereza kwa karibu miaka 100, na ndani yake ndimo lilimozaliwa swali ambalo leo humsumbua mtu anayetengeneza behewa la mfano lisilofika urefu wa sentimita 30: rangi ipi ya msingi inaweza kukaa chini ya rangi ipi, na vanishi ipi inaweza kuzifunika zote mbili bila kuziharibu.

Swali ni moja, lakini hali za wanaoulizwa hazilingani. Karakana ya reli, katika kila kipindi, ilitumia jamii moja ya rangi, iliyonunuliwa kwa mapipa na kuchanganywa na wafanyakazi wake yenyewe, hivyo upatanifu wa tabaka moja na jingine ulikuwa sehemu ya mazoea ya kazi ambayo kijana aliyapokea kwa mkuu wake. Mtengenezaji wa mifano, kinyume chake, huweka juu ya meza moja vikopo vilivyotoka katika vipindi vitatu au vinne vya kemia, vikiwa na majina yanayofanana na viyeyushi visivyopatana. Ugumu wake unatokana na historia hiyo, na hauwezi kueleweka vizuri mpaka historia yenyewe ifuatwe tangu mwanzo.

Kila rangi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni chembe zinazoleta rangi yenyewe; ya pili ni kishikizi, yaani kitu kinachozishika chembe hizo na kugeuka utando mgumu baada ya kukauka, kama vile mafuta ya kitani au utomvu wa kutengenezwa kiwandani; na ya tatu ni kiyeyushi, ambacho huifanya rangi iwe nyepesi kiasi cha kupakwa na kisha huruka hewani. Rangi ya msingi, ambayo mafundi wengi huiita praima, ina kazi ya kushika kitu kinachopakwa, iwe mbao, bati au plastiki, na kuyapa matabaka yanayofuata mahali pa kushika. Vanishi ni kishikizi kisicho na chembe za rangi, au chenye chache mno, na kazi yake ni kulinda na kung'arisha. Tabaka moja la chochote kati ya hivi ndilo linaloitwa mkono: mkono wa kwanza, mkono wa pili, na kuendelea.

Behewa la mwaka 1870 lilipoingia katika chumba cha rangi, lilikaa humo kwa wiki kadhaa. Kwanza vifundo vya mbao vilizibwa ili utomvu wake usije ukatoka baadaye, kisha ikapakwa rangi ya msingi ya risasi nyeupe iliyosagwa katika mafuta ya kitani na kulegezwa kwa tapentaini, yaani kiyeyushi kinachokenekwa kutoka kwenye utomvu wa misonobari. Matundu ya misumari na nyufa zikajazwa puti ngumu ya risasi. Baada ya hapo ikafuata mikono minne, mitano au zaidi ya ujazo, ambao ulikuwa unga wa udongo au wa jiwe uliochanganywa na vanishi ya kukausha haraka, ukipakwa mnene na bila kujali alama za brashi, kwa sababu sehemu kubwa yake ingeondolewa.

Juu ya ujazo huo mafundi walipaka mkono mmoja mwembamba wa rangi nyeusi au nyekundu iliyotofautiana na iliyo chini, na kazi yake ilikuwa kuongoza jicho tu. Mfanyakazi alichukua kipande cha jiwe la volkano lenye vitundu, akakilowesha maji, akausugua ubavu wa behewa kwa mwendo mrefu ulio sawa. Palipoinuka, rangi ya kuongoza iliondoka mapema. Palipobonyea, ilibaki kama doa, na kusugua kukaendelea mpaka doa la mwisho lilipotoweka na ubavu wote ukawa bapa. Mtu aliyetazama behewa lililokamilika na kustaajabia kioo cha vanishi yake alikuwa, kwa kweli, akistaajabia saa nyingi za maji na jiwe zilizofichwa chini kabisa, kwa maana vanishi haisawazishi kitu, hukionyesha kilivyo.

Ndipo zilipokuja rangi za kijivu, kisha rangi ya kampuni yenyewe katika mikono miwili au mitatu, kisha mistari ya dhahabu au ya njano kwenye vipapi vilivyofunika viungo vya mbao, kisha herufi na nembo, na mwisho vanishi mikono miwili hadi minne, kila mmoja ukisuguliwa taratibu kwa unga laini kabla ya unaofuata. Nguzo ya utaratibu mzima ilikuwa kanuni moja: mikono ya chini iwe na mafuta machache na ikauke ikiwa migumu, na kadiri kazi inavyopanda juu mafuta yaongezeke. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuruka hewani, bali hunyonya oksijeni na kubadilika polepole kuwa utando, na katika mabadiliko hayo hutanuka na kusinyaa kwa miezi. Mkono mgumu ukiwekwa juu ya mkono ulio laini bado, wa chini utaendelea kusogea na wa juu usioweza kuufuata utapasuka vipande vipande. Mafundi wa karne ya 19 hawakuhitaji kuijua kemia hiyo ili waitii, kwa kuwa behewa lililopasuka vanishi lilirudi karakanani mbele ya macho ya kila mtu.

Gharama ya utaratibu huo haikuwa muda peke yake. Risasi nyeupe ni sumu, na vumbi lake liliwaingia wafanyakazi kwa pumzi na kwa mikono waliyolia chakula, likawaletea maumivu makali ya tumbo, udhaifu wa viganja na hata kifo. Kusugua kwa maji badala ya kusugua kukavu kulipunguza vumbi, lakini hakukumaliza madhara. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu risasi nyeupe katika rangi mwaka 1921, na Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwakinga wapiga rangi dhidi ya sumu hiyo mwaka 1926. Uzuri wa mabehewa ya enzi ile haupaswi kusimuliwa bila watu waliougharimia kwa afya yao.

Rangi zenyewe zilikuwa fahari na utambulisho wa kila kampuni. Midland Railway, yenye makao Derby, ilijulikana kwa nyekundu iliyoiva sana, ya jamii ambayo Waswahili huiita damu ya mzee, iliyotokana na chembe za aina ya laki. Laki ni rangi ya kuyeyuka, kwa mfano ile ya wadudu wa kochinili, au ya mizizi ya mmea uitwao mada, iliyogandishwa juu ya unga mweupe wa madini ili iweze kusagwa na kupakwa. Mwaka 1868 wanakemia wa Kijerumani Carl Graebe na Carl Liebermann walifaulu kuiunda maabarani alizarini, yaani kiini cha wekundu wa mizizi hiyo, na tangu hapo laki nyekundu ikaacha kutegemea mashamba. Sifa moja ya laki ni kwamba nuru hupenya ndani yake. Haifuniki, na kwa hiyo kilicho chini yake huonekana kupitia kwake, ndiyo maana nyekundu ya Midland ilihitaji kwanza kitako cha rangi ya kahawia nyekundu isiyopenyeka. Mtengenezaji wa mfano anayepiga nyekundu hiyo hiyo juu ya praima ya kijivu hupata wekundu mzito uliofifia, juu ya praima nyeupe hupata wekundu mkali wa kitoto, na juu ya praima ya rangi ya kutu hukaribia ukweli. Na hapa uchaguzi wa praima ni jambo la macho kama ulivyo jambo la kemia.

London and North Western Railway, ambayo karakana yake ya mabehewa ilikuwa Wolverton, ilipaka sehemu ya chini zambarau iliyokaribia weusi na sehemu ya juu nyeupe yenye tone la bluu. Behewa la Malkia Victoria la mwaka 1869, lililotengenezwa Wolverton na ambalo sasa limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Reli mjini York, ni la ukoo huo. Nyeupe ile haikubaki nyeupe, kwa sababu ilifunikwa na vanishi yenye rangi ya asali ambayo iliendelea kuiva kila mwaka, na abiria waliona rangi ya maziwa yaliyokaa. Great Western Railway iliyatambulisha mabehewa yake kwa chokoleti na krimu, ikaziacha rangi hizo kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20, ikazirudia mwaka 1922. Nyekundu iliyoiva nayo ilivuka bahari: injini za daraja la 59 za East African Railways, 34 kwa idadi, zilizojengwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilivaa rangi ya damu ya mzee, na mojawapo, Mount Gelai, inaweza kutazamwa hadi leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi.

Lakini uhusiano wa mwambao wa Afrika Mashariki na mabehewa ya Uingereza ni wa zamani zaidi ya injini hizo, na umo ndani ya vanishi. Vanishi nzuri ya magari na mabehewa ilitengenezwa kwa utomvu mgumu uliozama ardhini, na katika biashara ya dunia ya karne ya 19 hakuna utomvu uliosifiwa kwa ugumu kupita sandarusi ya Zanzibar. Jina la Zanzibar lilikuwa jina la bandari. Sandarusi yenyewe ilichimbwa Mrima, katika udongo mwekundu wa kichanga wa nyuma ya miji ya pwani ya Tanzania ya leo, ambako misandarusi ya kale ilikuwa imedondosha utomvu wake na kutoweka, ikiacha vipande vilivyokaa ardhini kwa vizazi visivyohesabika. Wazaramo na jirani zao walichimba mashimo mafupi, hasa baada ya mvua kuulainisha udongo, wakatenganisha sandarusi ya kweli na chakazi, yaani utomvu mbichi wa mti au ule uliokaa ardhini kwa muda mfupi, ambao ulikuwa laini na wa bei ndogo. Msafiri wa Kiingereza Richard Burton, aliyepita nchi hiyo mwaka 1857, aliuandika uchimbaji huo kwa kirefu, kutoka shimoni hadi kwenye ghala la mfanyabiashara wa Kihindi.

Kipande kilichotoka ardhini kilikuwa kimevaa gamba la udongo, na kilipooshwa kwa maji ya magadi gamba likatoka na kuacha uso wenye vipele vidogo vilivyopangana kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na vipele hivyo ndivyo mnunuzi alivyovitafuta ili ahakikishe kwamba anauziwa sandarusi ya ardhini. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar, merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilibeba shehena kubwa ya sandarusi ambayo haijasafishwa, ikaoshwa Salem kwenyewe. Baadaye kazi ya kusafisha ikahamia Unguja. Sehemu ya shehena hiyo na ile iliyopelekwa moja kwa moja Ulaya iliishia katika viwanda vya vanishi vya Uingereza, ambako biashara iliijua kwa jina la animi.

Ugumu uliothaminiwa ndio uliokuwa kikwazo cha kwanza cha mtengeneza vanishi. Sandarusi ya ardhini haiyeyuki katika mafuta ya kitani hata yakichemka. Ilibidi kwanza ichomwe ndani ya sufuria ya shaba mpaka ikaribie nyuzijoto 300, itoe moshi mkali na kupoteza sehemu ya uzito wake, na hapo tu ndipo ilipokubali kupokea mafuta ya moto yaliyomiminwa kidogo kidogo. Mchanganyiko ulipopoa kiasi ulilegezwa kwa tapentaini, ukachujwa, ukawekwa katika matangi kwa miezi au miaka mpaka uchafu wote ukae chini. Moto ulikuwa hatari ya kila siku. Uwiano wa utomvu na mafuta ndio uliotenga vanishi ya kusugulia, iliyokuwa na mafuta machache na kukauka ngumu, na vanishi ya kumalizia, iliyokuwa na mafuta mengi na kuhimili jua na mvua. Na ni kosa kubwa kuzibadilisha nafasi. Kanuni ya mafuta machache chini na mengi juu ilifika, kwa njia hiyo, hadi ndani ya chupa.

Wanaoandika historia ya reli za Uingereza huyataja majina ya wahandisi, ya karakana na hata ya vivuli vya rangi, lakini wachimbaji wa Mrima hawapewi hata mstari mmoja. Upungufu huo unastahili kusahihishwa, kwa sababu mng'ao uliozipa kampuni za reli sifa haukuwezekana bila utomvu mgumu, na kwa muda mrefu utomvu mgumu kuliko wote ulitoka katika mashimo ya Uzaramo na jirani zake. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 utomvu wa mti uitwao kauri kutoka New Zealand, pamoja na ule wa Kongo, ulichukua nafasi kwa wingi na urahisi wake, na sandarusi ikarudi nyuma.

Jambo moja zaidi la mabehewa makubwa linahitaji kutajwa, nalo ni msaji. Great Northern Railway, na baada ya mwaka 1923 kampuni iliyoirithi, London and North Eastern Railway, hazikupaka rangi ubavu wa mabehewa yao mengi. Ziliuacha msaji uonekane chini ya vanishi. Kwa mtengenezaji wa mfano hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa lazima aige kwa rangi kile ambacho mbao ilikitoa yenyewe. Njia ya kawaida ni kuanza na kitako cha rangi ya mchanga wa njano, kuvuta juu yake nyuzi za kahawia kwa brashi karibu kavu, ubao mmoja ukiwa mweusi kidogo kuliko jirani yake, kisha kufunika kwa vanishi iliyotiwa kahawia kidogo inayoruhusu nyuzi zionekane. Mkono wowote kati ya hiyo mitatu usipopatana na wa chini, brashi ya vanishi huzikokota nyuzi zote na kuacha tope.

Treni za mfano zilianza upande mwingine kabisa wa ufundi wa rangi. Märklin ya Göppingen, iliyoonyesha treni zake katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1891, pamoja na Bing na Carette wa Nürnberg, walitumia bati, na bati halina haja ya ujazo wala jiwe. Baadhi ya mabehewa hayo yalipakwa enameli kwa mkono, lakini mengi zaidi yalichapwa kwa litografia, yaani uchapaji unaotumia kanuni kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Robert Barclay wa London alisajili mwaka 1875 njia ya kuhamisha picha kutoka kwenye jiwe hadi kwenye silinda na kutoka hapo hadi kwenye bati, na njia hiyo ikaenea kwanza katika mikebe ya biskuti. Karatasi bapa ya bati ilipokea kitako cheupe, kisha rangi moja baada ya nyingine, kisha vanishi, kila moja ikikaushwa katika tanuri, na baada ya yote hayo karatasi ikakatwa na kukunjwa kuwa behewa. Wino ulilazimika kupinda pamoja na bati bila kupasuka, na kiwanda kilipopata wino wa aina hiyo kilitumia jamii hiyo moja toka kitako hadi vanishi.

W. J. Bassett-Lowke wa Northampton, aliyekutana na watengenezaji wa Bing katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, aliwaagiza Wajerumani wamtengenezee treni zenye rangi za kampuni za Kiingereza, na wateja wake wakaanza kudai rangi sahihi. Frank Hornby wa Liverpool aliingia sokoni mwaka 1920, na mwaka 1938 kampuni yake ikatoa Hornby Dublo, ambayo mabehewa yake ya bati yalichapwa kwa litografia ya hali ya juu. Yeyote aliyeyakarabati mabehewa hayo anajua kwamba wino wake wa zamani ni mwembamba mno, na kwamba kiyeyushi kikali kikiugusa haliondoki doa tu bali picha nzima.

Wakati huo huo kemia ya rangi ilikuwa imegeuka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza Duco, rangi ya naitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi ya naitriki na kuyeyushwa katika viyeyushi vikali, na mwaka uliofuata magari ya Oakland yakatoka kiwandani yakiwa yamepulizwa rangi hiyo. Gari ambalo lilikaa wiki kadhaa katika chumba cha rangi sasa lilitoka kwa muda mfupi sana. Naitroselulosi hukauka kwa kiyeyushi kuruka tu, bila mabadiliko yoyote, na kwa hiyo mkono mpya huulainisha wa chini na kuungana nao. Sifa hiyo ni baraka pale mikono yote ni ya jamii moja, na ni balaa pale wa chini ni wa mafuta, kwa kuwa viyeyushi vyake huupenya utando wa mafuta, huuvimbisha na kuukunja kama ngozi iliyoungua. Karibu na wakati huo huo zikaja rangi za alkidi, jina alilolibuni R. H. Kienle wa General Electric mwaka 1927, ambazo ni utomvu wa kiwandani uliounganishwa na mafuta ya mimea. Hukauka kwa oksijeni kama rangi za zamani, lakini upesi na kwa uimara zaidi, na kiyeyushi chake ni kipole. Hizi ndizo zilizochukua polepole nafasi ya mafuta na sandarusi katika karakana za reli, na ndizo zinazojulikana leo kama enameli katika vikopo vya wapenzi wa mifano.

Kanuni ya zamani ya mafuta machache na mengi ikapata mwenzake: kiyeyushi kikali kisiwekwe juu ya utando unaokiogopa. Enameli juu ya naitroselulosi iliyokauka ni salama. Naitroselulosi juu ya enameli ni maangamizi. Na enameli yenyewe ina kipindi chake cha hatari. Ikipigwa mkono wa pili mapema, ndani ya saa chache, au baada ya kukauka kabisa kwa wiki kadhaa, hakuna linalotokea. Lakini katikati ya vipindi hivyo, uso ukiwa umeshika na ndani kungali laini, mkono mpya unaweza kuukunja ule wa chini ingawa yote miwili imetoka katika kikopo kimoja.

Plastiki ilivuruga mambo zaidi. Kampuni ya Rovex ilitengeneza treni ya plastiki kwa ajili ya maduka ya Marks & Spencer katika Krismasi ya mwaka 1950, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Lines Bros, iliyoiuza kwa jina la Tri-ang. Mabehewa ya mwanzo yalikuwa ya asetati ya selulosi, ambayo ilipinda na kusinyaa kwa miaka, na hakuna rangi inayoweza kumnyoosha mgonjwa wa aina hiyo. Polisterini iliyofuata ilikuwa imara na ya kupendeza, lakini huyeyuka katika tolueni, zaileni na asetoni, ambavyo ndivyo viungo vikuu vya viyeyushi vya naitroselulosi. Behewa la polisterini likipulizwa rangi ya magari kwa wingi hupoteza misumari yake midogo, mistari ya milango na vipapi vyake, si kwa sababu vimefunikwa bali kwa sababu vimeyeyuka. Enameli, ambayo kiyeyushi chake hakiigusi polisterini, ndiyo iliyolinda mifano ya kizazi kizima, na Humbrol ya Hull, iliyoanza mwaka 1919 kama kampuni ya mafuta, ilijipatia jina kwa vikopo vyake vidogo vya mililita 14.

Huko Marekani, rangi za Floquil zilizopendwa na wajenzi wa reli za mfano zilikuwa na kiyeyushi cha kuuma, na kampuni ikauza pamoja nazo kimiminika kilichoitwa Barrier, cha kupakwa kwanza juu ya plastiki ili kizuie mashambulizi ya rangi yenyewe. Ni mfano ulio wazi kabisa wa praima ambayo kazi yake si kushika bali kukinga. Floquil iliondolewa sokoni mwaka 2013, na wajenzi waliokuwa wamejifunza tabia zake kwa miongo mingi wakalazimika kuanza upya. Walioanza upya wengi walikwenda kwenye akriliki, yaani utomvu wa kiwandani uliotawanywa ndani ya maji, ambao hauishambulii plastiki wala utando wowote uliokauka, lakini haushiki vizuri juu ya chuma laini wala juu ya mafuta ya vidole, na hivyo huhitaji praima kuliko enameli inavyoihitaji.

Shaba ya manjano ndiyo iliyoihitaji praima kuliko vyote. Mbavu za mabehewa zilizochongwa kwa asidi kutoka karatasi nyembamba za shaba zilienea tangu miaka ya 1970, na rangi ya kawaida huchubuka juu yake kwa kucha. Dawa yake ilitoka katika vita: wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanakemia wa Marekani waliunda kwa ajili ya meli praima yenye asidi ya fosfori ndani ya utomvu wa vinili, ambayo huung'ata uso wa chuma na kushikamana nao kikemia. Ikipulizwa nyembamba sana juu ya shaba iliyooshwa mabaki yote ya risasi ya kuunganishia, hushika kuliko mikono yote inayoifuata. Ikiwekwa nene, au juu ya rangi iliyopo tayari, haifai kitu, kwa sababu asidi yake haina chuma cha kugusa.

Unene ndio jambo ambalo karakana kubwa haikulijali na mtengenezaji wa mfano hawezi kulisahau. Katika kipimo cha 1:76, kinachotumika zaidi Uingereza, utando wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na milimita 7.6 kwenye behewa halisi, unene unaotosha kuzika kipapi. Mng'ao nao haupungui pamoja na urefu: vanishi inayong'aa kama ya Wolverton huonekana kwenye mfano kama plastiki mpya, na wengi huchagua vanishi ya nusu-mng'ao. Lakini kabla ya hiyo huhitajika vanishi inayong'aa, kwa kuwa nembo na namba zinazohamishwa kutoka kwenye karatasi hunasa hewa zikibandikwa juu ya uso ulioparuza, na hewa hiyo huonekana kama ukungu mweupe. Na kwa kuwa vanishi ya kisasa ya akriliki haigeuki njano, mwenye kuiga mabehewa ya London and North Western lazima atie njano kidogo ndani ya nyeupe yake, akitengeneza kwa makusudi kile ambacho utomvu na mafuta yalikifanya bila kuombwa.

Kampuni ya Hornby ilizinunua Airfix na Humbrol mwaka 2006, na hivyo behewa na kikopo cha rangi vikaingia chini ya mwenye mali mmoja. Hata hivyo mafundi makini hawaitegemei lebo. Viwanda hubadili viyeyushi vyao kufuata sheria za afya na mazingira bila kubadili jina wala namba ya rangi, na kikopo cha mwaka huu kinaweza kuwa na tabia tofauti na cha miaka 10 iliyopita. Wanachofanya ni kuchukua kipande cha plastiki au shaba ile ile, mara nyingi sakafu ya behewa isiyoonekana, kukipiga praima, rangi na vanishi kwa mpangilio uliokusudiwa na kwa vipindi vile vile vya kukausha, kukiacha wiki nzima mahali penye joto la kawaida, kisha kubandika utepe wa gundi juu yake na kuuvuta ghafla. Ukitoka safi, kazi inaanza.